Viazi vitamu vya kujaza kwa chakula cha jioni: leteni namna zenu (Bukavu, Goma, Lubumbashi na kwingineko)

MamaFuraha_Nguba (Bukavu)

Jambo yenu wapendwa. Uzi huu naufungulia wenzangu wanaotoka kazini jua likizama, wanapanda milima yetu na mzigo mkononi, na kabla hawajavua viatu mtoto anauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Hapa Bukavu kiazi kitamu tumekizoea asubuhi na chai, au mchana kando ya maharagi. Jioni tunakinyima nafasi, jioni ni ya bugali. Mimi nasema kinastahili jioni kuliko saa nyingine yoyote, mradi kijazwe vizuri. Kiazi kimoja kikubwa, ndani yake sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na lengalenga (mchicha), ni chakula kamili kwenye sahani moja. Watoto wanakipenda kwa sababu kila mmoja anapata cha kwake, hakuna kugombania kipande.

Namna ninavyofanya kwa watu sita ni hii. Natafuta viazi sita vinavyolingana, kila kimoja kama gramu 250 hadi 300, vinene katikati, visivyo na mikunjo. Kulingana ni muhimu, maana kikiwa kimoja kikubwa na kingine kidogo, kidogo kitapasuka huku kikubwa bado kigumu moyoni. Navisugua kwa maji bila kuvimenya. Navipanga ndani ya sufuria, naweka maji yasiyozidi nusu ya kimo chao, nafunika kwa majani ya mgomba kisha kifuniko juu yake. Mvuke ndio unaoivisha, si maji. Dakika 35 hivi, kisu chembamba kikiingia bila kusukumwa, vimeiva.

Hapo wengi wanaishia, na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Namwaga maji yote, navitandaza viazi juu ya wavu kwenye babula (jiko la mkaa) yenye makala yaliyotulia (si ya moto mkali), navigeuza-geuza kwa dakika kama kumi. Ganda linakauka, linakaza, na ile harufu ya kiazi cha kuchoma inatoka. Ganda lililokaza ndilo litakaloshika mchuzi. Usipolikausha, kiazi kitalegea mkononi na mchuzi utamwagika kwenye sahani.

Wakati viazi vinachemka mimi nachambua sambaza. Wakavu nawaosha kwa maji ya moto mara mbili, mchanga utoke. Nakaanga kitunguu kimoja kikubwa kwenye vijiko viwili vya mafuta ya mawese, naongeza puwaro (kitunguu cha majani) iliyokatwa nyembamba, nyanya tatu, chumvi kidogo sana (samaki wana chumvi yao), kisha sambaza. Vikishashikana natia lengalenga iliyochemshwa kidogo tu na kukamuliwa. Lazima ikamuliwe! Jazo likiwa na maji, kiazi kinageuka uji.

Mwisho napasua kila kiazi kwa urefu bila kufika chini, nabana ncha mbili kwa vidole kifunguke mdomo, napondaponda nyama ya ndani kwa uma hapo hapo ndani ya ganda, natia chumvi chembe na tone la ndimu, kisha najaza mpaka juu. Pilipili iwe pembeni, kila mtu na roho yake.

Nyie mnajaza nini?

KakaHimbi (Goma)

Mama Furaha, ubarikiwe. Nyumbani kwetu Himbi tunafanya karibu hivyo, ila kwa tanuri ya umeme. Tangu kituo cha umeme wa maji cha Matebe kianze kuzalisha umeme mwaka 2015 na nyaya zikafika mitaani kwetu, wengi tumeweza kupumzika kidogo na makala. Natoboa kila kiazi kwa uma mara kadhaa (usipotoboa mvuke unatafuta njia yake na kiazi kinaweza kupasuka), nakipaka mafuta kidogo, nyuzi joto 200, dakika 50 hadi saa nzima kufuatana na ukubwa. Chini yake weka sinia, maana utomvu wa sukari hudondoka na kuungua, na harufu yake inakaa tanurini.

Jazo letu ni maharagi yaliyochemshwa mchana, napondaponda nusu na nusu naacha mazima, nakaanga na kitunguu, pilipili hoho na kitunguu saumu. Juu nakwangua formaji (jibini) ya Masisi, narudisha tanurini dakika tano mpaka iyeyuke. Jamani, formaji ya Masisi na kiazi kitamu! Utamu wa kiazi na ile chumvi ya formaji vinakutana mdomoni, huna haja ya kitu kingine isipokuwa vipande vya avoka (parachichi) pembeni.

Kwa anayefanya kazi siku nzima: chemsha maharagi mengi Jumamosi. Yaloweke usiku kucha, yanaiva haraka na makala yanapungua. Yagawe kwenye visahani, yale ya siku mbili tatu yakae kwenye friji, mengine kwenye friza.

PapaBaraka (Bukavu, Kadutu)

Nawaheshimu nyote mliotangulia, lakini niseme ukweli wa wanaume wengi wa hapa: bila bugali mtu hajala. Mimi nabeba mizigo sokoni Kadutu. Nikila kiazi saa moja jioni, saa nne tumbo linaniamsha. Je, hicho kiazi kimoja kitamshikilia mtu wa kazi ngumu mpaka asubuhi?

MamaFuraha_Nguba (Bukavu)

Papa Baraka, asante kwa kuuliza waziwazi. Nakujibu kwa heshima.

Kwanza, mtu wa kazi ngumu hali kiazi kimoja. Anakula viwili, na jazo lake linakuwa kubwa kuliko la mtoto. Pili, njaa ya saa nne mara nyingi inatokana na kukosa kitu cha kushikilia tumbo kando ya wanga. Kiazi kitupu na chai kinapita haraka, hilo ni kweli. Lakini kiazi chenye maharagi, samaki na mafuta kidogo hakipiti hivyo. Hata bugali ya mihogo mitupu, ukiila na mboga ya maji bila samaki wala maharagi, itakuamsha vilevile, kwa sababu unga wa muhogo karibu hauna protini kabisa.

Mimi sisemi tuache bugali. Bugali ni ya kwetu. Nasema siku mbili katika juma jioni iwe ya kiazi, na mzee wa nyumba apewe vyake viwili vilivyojaa maharagi. Jaribu hivyo, utuambie.

YayaEspe (Bukavu, Panzi)

Nafuatilia. Mimi nina koko nyumbani, mzee wetu, ana ugonjwa wa sukari. Kila tukipika viazi vitamu anaviangalia kwa hamu na sisi tunamkatalia, maana jina lenyewe linasema vitamu. Je, tumkataze kabisa au kuna namna?

NesiBagira (Bukavu)

Yaya Espe, nakujibu kama muuguzi, lakini anayemfuatilia koko kwenye kituo cha afya ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kiasi chake.

Kiazi kitamu hakikatazwi kwa sababu ya jina. Wanga wa bugali nao hugeuka sukari mwilini, hata kama mdomo hauonji utamu. Kinachobadilisha mambo ni namna ya kupika, kiasi, na kinacholiwa pamoja nacho. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza maltosi, ile sukari inayodondoka kwenye sinia ya Kaka Himbi. Kinafanya kazi sana kiazi kinapopata joto polepole. Ndiyo maana cha kuchomwa saa nzima ni kitamu mno kuliko cha kuchemshwa, na vipimo vinaonyesha kwamba cha kuchomwa hupandisha sukari ya damu haraka kuliko cha kuchemshwa.

Kwa hiyo koko apewe cha kuchemshwa, kidogo (nusu ya kiazi cha wengine inatosha), na ganda lake kama limesuguliwa vizuri, kwa ajili ya nyuzinyuzi. Kijazwe lengalenga nyingi na maharagi au samaki. Asile kiazi halafu aongezewe na bugali juu. Ni kimoja au kingine. Na apimwe sukari yake baada ya chakula, mjue mwili wake unasemaje. Msimnyime raha ya kula na wajukuu wake meza moja, mpimieni tu.

Sasa niseme la watoto, maana ndilo linalonigusa zaidi kazini. Viazi vya rangi ya machungwa ndani vina kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Gramu 125 tu za aina nyingi za hivyo zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule. Vyeupe havina, au vina chembe tu. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne kwa kazi ya mazao yenye virutubisho vya ziada, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walikuwa wa kiazi hiki cha rangi ya machungwa. Mwanga ni jirani yetu, Mganda.

Ila vitamini hiyo inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Kiazi kitupu bila mafuta, sehemu kubwa ya faida inapita tu. Hivyo vijiko viwili vya mawese vya Mama Furaha si vya ladha peke yake, na mawese mekundu yenyewe yana vitamini hiyo hiyo, kama hujayachemsha mpaka yakawa meupe. Tafadhali msiyachome mawese.

BintiKatuba (Lubumbashi)

Jamani wa Kivu, salamu kutoka Katuba! Hapa Lubumbashi sisi tunasema bukari, nanyi bugali, lakini njaa ya jioni ni moja.

Nauliza: mbona hakuna aliyetaja matembele? Kiazi na majani yake mwenyewe! Sisi huku majani ya viazi ni mboga ya kila siku. Nachuma ncha laini tu, vile vijani vya juu na vikonyo vyake, natupa vikonyo vigumu. Nachemsha dakika chache, namwaga maji ya kwanza, kisha nayapika na karanga zilizosagwa, nyanya na kitunguu mpaka mchuzi unakuwa mzito wa kushika kijiko. Ndani yake natia kapenta, wale samaki wadogo, waliokaangwa wakavu. Hilo ndilo jazo. Karanga zina mafuta yao, kwa hiyo siongezi mengine.

Wakati wa mvua uyoga ukijaa sokoni Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi) naweka uyoga badala ya kapenta. Uoshe kwa uangalifu, mchanga wake ni mbaya kwa meno, na nunua kwa mama unayemfahamu, maana uyoga wa porini si wa kubahatisha. Ukaange peke yake kwanza mpaka maji yake yakauke, ndipo uchanganye na vitunguu.

MamaFuraha_Nguba (Bukavu)

Binti Katuba, umenifungua macho. Huku kwetu majani ya viazi watu wengi wanawapa sungura na mbuzi! Majirani wanaolima Kabare wanayatupa mafungu mazima. Wiki hii naomba ncha zake na kujaribu na karanga.

Na ujue kwamba kapenta wako na sambaza wangu ni ndugu wa damu. Sambaza hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakashika ziwa lote, na leo taa za wavuvi unazoziona usiku ni zao.

Mwanafunzi_UOB (Bukavu)

Mimi naishi chumba kimoja na wenzangu wawili, babula moja, sufuria mbili. Samaki ni wa Jumapili tu. Kuna jazo la mfuko mwepesi?

KakaHimbi (Goma)

Mdogo wangu, maharagi na karanga. Kaanga kitunguu, tia maharagi, kijiko kikubwa cha karanga za kusaga, maji kidogo, nyanya moja. Lengalenga ni ya bei nafuu mahali pote. Yai moja la kuchemsha mkikata vipande mkagawana watatu linabadilisha sahani nzima. Na avoka msimu wake ukifika, ipondeponde na kitunguu kibichi, ndimu na chumvi, weka juu ya kiazi cha moto. Hiyo haihitaji hata moto wa pili.

DadaWaNyawera (Bukavu)

Niruhusuni nami niseme, mimi nauza viazi Nyawera na naona watu wanavyonunua vibaya.

Mteja anakuja, anachagua vikubwa kabisa kwa sababu vinajaza fungu. Kwa kujaza, vikubwa mno havifai, moyo wake unachelewa na mara nyingine una nyuzi. Chagua cha urefu wa kiganja chako. Kibonyeze ncha zote mbili, ndipo kinapoanza kuoza. Ngozi iwe kavu na imekaza. Ukiona vitobo vidogo vyeusi kama vya sindano, kirudishe. Huyo ni mdudu wa kiazi, amekwisha kuchimba njia ndani. Kiazi cha mdudu kina uchungu, na uchungu ule hauondoki kwa moto. Usikate sehemu mbaya ukapika iliyobaki, uchungu umekwisha kuenea. Kitupe chote, hata mifugo usiwape, kinaweza kuwadhuru.

Kuna wanaoniuliza kwa nini cheupe ni kikavu kama unga na cha machungwa ni chororo. Ni tabia yake, cha machungwa kina maji zaidi ndani. Kwa hiyo mtu wa kujaza na kiazi cha machungwa asikitose kwenye maji mengi. Kipike kwa mvuke tupu, au kichome. Cheupe kinavumilia kuchemshwa. Wengine wananunua vyeupe vinne na vya machungwa viwili kwa ajili ya watoto, na hilo naliona ni akili nzuri.

Na msiweke viazi vitamu kwenye friji vikiwa vibichi! Baridi inavigeuza moyo mgumu, hata ukipika saa mbili pale katikati hapalainiki. Weka mahali pakavu penye hewa, penye giza, juu ya mbao au kwenye kikapu, visirundikwe na vilivyo na maji. Na usivioshe kabla ya kuviweka. Vyangu vinavyotoka Idjwi kwa mtumbwi mara nyingine vinafika vimelowa, kwa hiyo navianika kwanza kivulini kabla ya kuvipanga kwenye meza.

YayaEspe (Bukavu, Panzi)

Dada wa Nyawera, hicho cha friji ndicho kilichokuwa kinanisumbua, sikujua sababu. Asante sana. Koko amekula nusu yake jana na lengalenga, tumempima asubuhi, yuko sawa. Amesema tumpikie tena.

NesiBagira (Bukavu)

Nimefurahi kwa ajili ya koko. Mpimeni pia saa mbili baada ya kula, si asubuhi peke yake, hapo ndipo kiazi kinajionyesha. Mkaandike kwenye daftari mkampeleke nalo kituoni.

MamaPacifique (Goma, Ndosho)

Jambo wapendwa. Umeme wa Kaka Himbi sisi huku haujatufikia, tunapika kwa makala, na bei ya makala inajulikana. Kuchemsha dakika 35, kisha kuchoma dakika kumi, kisha mchuzi: si moto mwingi huo kwa chakula kimoja cha jioni? Nina babula moja na watoto watano.

MamaFuraha_Nguba (Bukavu)

Mama Pacifique, swali lako ni la msingi, na ningependa kila mwenye babula moja asome jibu.

Pika viazi vya jioni asubuhi. Unapochemsha vile vya chai, ongeza vya jioni kwenye sufuria ile ile, moto ule ule. Sufuria iliyojaa haili makala zaidi sana kuliko iliyo nusu. Vikiiva vitoe, viache vipoe na maganda yao, vifunike kwa kitambaa safi mahali penye hewa. Jioni unawasha makala machache tu: kwanza mchuzi, dakika 15, halafu makala yanapofifia unaweka wavu na viazi vyako juu, vinapata moto na ganda linakaza kwa wakati mmoja. Huo moto wa mwisho ambao ungepotea bure ndio unaomaliza kazi. Kiazi kilichopoa kisha kikapashwa hakipasuki hovyo, na sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa, jambo ambalo Nesi wetu atakubali kwamba si baya hata kwa koko.

Ukishatoa sufuria motoni mapema, unaweza pia kuifunga kwa blanketi kuukuu au kuizika ndani ya kikapu chenye majani makavu ya migomba. Joto linaendelea kupika lenyewe. Mama zetu walijua hilo kabla ya majiko ya kisasa. Kwa maharagi yaliyolowekwa linafaa sana: yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha kikapuni saa tatu nne, kisha yarudi motoni yachemke tena mpaka yalainike kabisa. Yasiliwe yakiwa magumu, maharagi mabichi yanaumiza tumbo vibaya.

NesiBagira (Bukavu)

Nakubali yote. Naongeza la usafi, kwa sababu hatuna friji wengi wetu: kiazi kizima na ganda lake kinavumilia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jazo la samaki halivumilii. Sambaza waliopikwa na nyanya waliwe jioni ile ile. Kama vimebaki viazi vilivyokwisha kujazwa, visingojee asubuhi, na msimpe mtoto mdogo kabisa.

Kwa watoto wa miezi sita na kuendelea: sambaza wakavu, safi, wakaangwe bila mafuta, watwangwe kwenye kinu mpaka wawe unga, wachekechwe. Kijiko cha unga huo kwenye kiazi cha machungwa kilichopondwa, na tone la mafuta. Mifupa ile midogo iliyotwangwa ina chokaa (kalsiamu) ya kujenga mifupa ya mtoto. Familia nzima mnakula sahani moja, mtoto anapata cha kwake bila kupikiwa kando. Mimi kituoni nawaambia akina mama hivi kila siku: hamhitaji unga wa kopo wa bei kubwa kama sokoni kuna sambaza na viazi.

PapaBaraka (Bukavu, Kadutu)

Narudi kama nilivyoagizwa. Mama wa nyumba amepika vile, viwili kwangu, maharagi na sambaza kidogo juu. Nimelala mpaka alfajiri. Nimemwambia Jumanne na Alhamisi ziwe za kiazi. Ila naomba pilipili ya kutwanga na chumvi, na mchuzi usiwe mkavu. Sisi watu wa mzigo tunapenda kitu cha kuchovya.

BintiKatuba (Lubumbashi)

Papa Baraka, kwa kuchovya ongeza kikombe kimoja cha maji ya maharagi kwenye jazo na uache nusu pembeni kwenye bakuli. Kiazi kinajazwa na kile kizito, mchuzi mwepesi unabaki wa kuchovya. Watoto wangu wanalivunja ganda na kulichovya kama mkate.

Mwanafunzi_UOB (Bukavu)

Nimejaribu maharagi na karanga, wenzangu wamemaliza sufuria. Swali jingine: viazi vya machungwa naviona mara chache sokoni. Kuna namna ya kupata mbegu? Nyumbani Walungu tuna shamba.

DadaWaNyawera (Bukavu)

Kiazi kitamu hakipandwi kwa mbegu, mdogo wangu, kinapandwa kwa mche, yaani kipande cha mtambaa. Uliza INERA Mulungu pale Kabare, ni kituo cha utafiti wa kilimo na kipo karibu na mji. Au muombe mkulima anayevilima akukatie. Kata kipande cha urefu wa sentimita 30 kutoka ncha ya mtambaa ulio mzima, usio na majani yaliyokunjamana wala ya njano, maana ugonjwa unasafiri na mche. Zika sehemu ya chini, vifundo viwili vitatu vikae ndani ya udongo, kwenye tuta lililoinuliwa. Panda mvua inapoanza. Aina nyingi zinavunwa baada ya miezi minne hivi, huko juu Walungu kwenye baridi zinachelewa zaidi. Tuta likipasuka, rudishia udongo haraka. Mdudu yule niliyemsema anaingilia kwenye nyufa.

Na usiviache shambani muda mrefu vikishakomaa. Vinazidi ukubwa na mdudu anavitangulia.

MamaPacifique (Goma, Ndosho)

Nimefanya ya asubuhi. Makala ya jioni yalikuwa kiganja kimoja tu. Watoto wamekula na lengalenga, hata yule wa pili ambaye mboga huzisukuma pembeni, kwa sababu zilikuwa zimefichwa chini ya maharagi. Mama Furaha, Mungu akupe maisha.

Sasa Jumamosi nina wageni, tutakuwa watu 12. Nipime vipi?

MamaFuraha_Nguba (Bukavu)

Mama Pacifique, kwa watu 12 nunua viazi 15, wanaume wawili watatu watataka cha pili. Hesabu kilo nne na kidogo. Maharagi makavu kilo moja, yalowe Ijumaa usiku. Sambaza wakavu nusu kilo wanatosha kama maharagi yapo. Lengalenga nunua mafungu manane, usishangae, ikichemka inakuwa kidogo sana. Vitunguu sita, nyanya kumi, mawese vijiko sita au saba.

Usijaze vyote jikoni. Vipasue, vipange kwenye sinia kubwa vikiwa vya moto, weka majazo mawili kwenye bakuli, moja la sambaza na jingine la maharagi, kila mgeni ajijazie. Hivyo mwenye kufunga nyama na samaki hapati taabu, na mwenye sukari anachagua lengalenga nyingi. Avoka ukipata sokoni Kituku ziwe nne, kata dakika ya mwisho zisigeuke nyeusi.

Kama babula ni moja, azima ya jirani siku hiyo. Viazi 15 haviingii kwenye sufuria ya kawaida bila kubanana, na vikibanana vya katikati vinabaki vibichi. Gawa sufuria mbili.